Nilivyoifungua partition ya recovery kwenye laptop ya Shaibu, na kilichofuata

Wakuu, heshima kwenu wote, wenyeji wa jukwaa hili na mliopita njia tu.

Leo sina mbwembwe. Hiki ninachoandika nimekifanya kwa mikono yangu hii, na atakayenikamata nimetia chumvi mahali aombe nifungiwe akaunti, sitalalamika.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aende jukwaa la michezo.

Niko Guangzhou. Nina meza ya kutengeneza laptop na simu hapa Dengfeng, ghorofa ya pili kwenye moja ya majengo ya Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Nasema meza, maana kuna watu wakirudi nyumbani wanasema "nina duka China". Mimi nina meza, taa ya kubana, bisibisi seti mbili, na kiti kimoja cha mteja.

Shule niliishia kidato cha nne. Cheti cha kompyuta sina hata kimoja. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu na kuziharibu zaidi, mpaka siku moja nikaanza kuziponya. Linux nilijifunza kwa CD niliyopewa na mteja Mkenya, sikuijua ni nini, nikaiweka, ikanifutia kila kitu, nikaipenda.

Hasira ninazo, nakiri. Wanaonijua hapa jukwaani wanajua nimeshafungiwa mara mbili kwa matusi. Lakini kitu kimoja hakuna atakayenitoa: rafiki yangu akiguswa, nimeguswa mimi.

Sasa Shaibu.

Shaibu ni mtu wa Tanga, alikuja kwa scholarship kusoma masters ya uhandisi wa maji. Jina lake la kwenye pasi siliandiki. Mimi nilipofika huku niliyekuja naye alinitelekeza wiki ya tatu, akabadilisha namba, akapotea. Shaibu nilikutana naye msikitini Ijumaa, hatujuani, akaniona nina begi mgongoni kila Ijumaa akauliza, "Mdogo wangu, mbona unahama kila wiki?"

Nililala chini ya meza yake ya kusomea bwenini miezi miwili. Hairuhusiwi. Angekamatwa angefukuzwa. Yeye alikuwa ananicheka tu ananiita "mpangaji".

Na kuna jambo lingine mlielewe, maana ndilo linabeba uzi wote. Huku kila mtu anajua Kichina cha mdomo. Laoban ni bosi, mei you ni hakuna, bu yao ni sitaki, bei unaonyeshwa kwenye kikokotoo, maisha yanaenda. Lakini kusoma zile herufi? Sisi wote wa pale Xiaobei tulikuwa vipofu. Barua ya polisi, karatasi ya viza, mkataba wa meza yangu, vyote alinisomea Shaibu. Wanafunzi wanakaa mwaka mzima wanafundishwa lugha kabla ya kuanza masomo. Sisi wa sokoni nani atufundishe?

Sasa mtaniuliza, wewe huwezi kusoma, unatengenezaje mashine za Windows ya Kichina?

Kwa kukariri, mkuu. Kitufe cha tatu kutoka juu ni hiki, cha kulia chini ndio "ndiyo", chenye picha ya ngao ndio antivirus. Mafundi wengi wa Kiafrika huku tunafanya hivyo. Unakariri mahali, sio maneno. Miaka miwili sikuwahi kukosea, nikajiona profesa.

Laptop ya Shaibu aliinunua huku huku, ilikuja na Windows Vista ya Kichina. Nilimwekea Ubuntu pembeni. Diski ilikuwa na C na D, nikaila D yote nikaifanya nyumba ya Linux. Ukiwasha unapata ile menyu ya GRUB, unachagua. Windows alikuwa anaitumia kwa vitu viwili tu: programu moja ya mahesabu ya maji ambayo profesa wake aliitaka, na mfumo wa chuo wa kupandishia kazi, ambao ulikuwa unakubali Internet Explorer peke yake.

Kazi yake yote aliiweka Linux. Na ni mimi niliyemwambia.

Nilimwambia, "Kaka, hizi flashi za Xiaobei zimeoza virusi. Kila ukichomeka kwa mtu unarudi na ugonjwa. Weka kila kitu Linux, usibebe kwenye flashi, huko haingii kitu." Akanisikiliza. Yeye injinia anamsikiliza mtu wa kidato cha nne, kwa sababu alikuwa ananiamini.

Miezi minane alikuwa anapanda basi kila Jumatano na Jumamosi kwenda kuchota maji ya mto sehemu sita tofauti. Jua, mvua, baridi ile ya Januari inayoingia kwenye mfupa. Anapima, anarudi, anaandika kwenye jedwali. Profesa alikuwa anaona michoro tu, zile namba zenyewe zilikuwa kwenye ile mashine.

Ulikuwa mwaka wa Olimpiki ya Beijing. Mnaokumbuka mnakumbuka viza zilivyobanwa. Shaibu alikuwa amebakiza wiki tatu atetee thesis, na scholarship yake ilikuwa inaishia hapo hapo.

Asubuhi moja akaja mezani kwangu, laptop kwapani.

"Dogo, Windows imekufa. Inawaka inaleta bluu inazima."

"Linux je?"

"Linux nzima kabisa. Nimeiwasha sasa hivi bwenini." Akaishika meza. "Nataka Windows tu. Kesho kutwa mwisho wa kupandisha rasimu. Sasa hivi nina kikao na profesa, nitakuja saa nane mchana. Huku kwingine usiguse, mdogo wangu. Unanielewa?"

"Kaka, unaongea na nani?"

Akacheka. Akaenda kupanda metro.

Kabla sijaendelea niwaambie kitu kilichotokea asubuhi hiyo hiyo, kabla Shaibu hajafika.

Meza inayopakana na yangu ni ya mama mmoja wa Kichina anauza makava ya simu. Tunamwita Ayi, maana yake shangazi. Siku hiyo nilikuta maboksi yake yamejaa mbele ya meza yangu, mteja hana pa kupita. Nikamwambia atoe. Akanijibu kwa mkono, subiri. Nikayapiga teke. Boksi likapasuka, makava yakamwagika korido nzima. Akapiga kelele na mimi nikapiga kelele, kila mtu kwa lugha yake. Laoban wa jengo akaja kutuamulia.

Kwa hiyo mimi na Ayi tulikuwa hatutazamani.

Haya, kazi ikaanza.

Nilijua hii mashine ina partition ya recovery. Karibu laptop zote za wakati ule zilikuja nayo, kipande cha diski kimefichwa, GB kama kumi, ndani yake mna Windows yote kama ilivyotoka kiwandani. Kawaida ukiwasha unabonyeza kitufe fulani, inafunguka.

Kwenye mashine yenye Linux kile kitufe mara nyingi kinakufa. GRUB inakaa mlangoni pale mwanzo wa diski, na yule mlinzi wa zamani aliyekuwa anasikiliza kitufe anaondolewa. Ndio maana wengi mnakuja humu mnalia "recovery yangu imepotea". Haijapotea. Angalia menyu ya GRUB chini kabisa, utakuta Windows imeandikwa mara mbili. Moja ndio Windows yenyewe, nyingine ndio recovery.

Nikachagua ile nyingine. Ikafunguka. Nilijisikia raha, sitaficha. Fundi wa jengo la pili siku chache nyuma alishindwa kitu hicho hicho akamwambia mteja anunue diski mpya.

Ikaja skrini ya bluu nyepesi. Mistari mitatu ya Kichina, kila mmoja na kiduara cha kuchagua.

Mashine za aina ile nilishazifanya nyingi. Mstari wa kwanza: rudisha C peke yake. Wa pili: rudisha diski nzima. Wa tatu: toka. Nimekariri.

Lakini hii ilikuwa toleo jipya kidogo, rangi tofauti, na mistari ilikuwa mirefu kuliko niliyoizoea. Nikasita. Naapa nilisita.

Nikampigia Shaibu. Simu imezimwa, yuko kikaoni.

Sasa hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Angesubiri saa nane. Ilikuwa saa nne na nusu. Mimi nilitaka Shaibu akija akute mashine inawaka, imesafishwa, programu zote ndani, aende zake akapumzike. Alikuwa amekonda yule mtu.

Ayi alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Anasoma gazeti! Mtu anayesoma Kichina kama mimi ninavyosoma jina langu. Lakini nimuulize Ayi? Baada ya yale makava? Mdomo ulikataa.

Akapita Papa Dido.

Papa Dido ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mzima, suti hata Julai, ananunua jeans kule Zhanqian Road anapeleka Congo. Kichina chake cha mdomo ni moto. Wachina wanamkumbatia. Mtu akishindwana bei, anaitwa Papa Dido. Nikamwita.

"Papa, hebu nisaidie kidogo. Hapa panasemaje? Ya kwanza ndio ya C peke yake, si ndio?"

Akavaa miwani. Akainama. Akaitazama ile skrini kwa muda mrefu, mdomo unachezacheza.

"Eh, petit, mdogo wangu. Weye fundi unaniuliza mi?"

"Papa, ni Kichina hiki. Wewe si ndio mwenyewe?"

"Mi niko Chine miaka ine, petit. Wachina yote ya Zhanqian wananijua." Akagusa skrini kwa kidole chenye pete. "Ile ya kwanza. C'est bon, iko muzuri. Bonyeza."

"Uhakika?"

"Mi nakudanganyaka?"

Nikabonyeza. Ikauliza tena kwa herufi nyekundu, nikabonyeza cha kulia chini, "ndiyo". Mstari ukaanza kujaa. Papa Dido akanipiga begani akaenda zake.

Wakuu, sehemu hii naiandika polepole.

Mstari ulikuwa haujafika hata asilimia tano. Ayi akainuka kwenye kiti chake, sijui aliona nini, labda alikuwa anatazama muda wote. Akaja upande wangu. Akaangalia skrini. Akasema kitu. Sikumjibu. Akakisema tena kwa sauti, akanishika mkono wa shati anavuta, huku kidole kiko kwenye skrini.

Mimi nikajua amekuja kumalizia ugomvi.

Nikamtikisa. Nikamwambia, "Bu yao! Bu yao!" Sitaki, sitaki. Nikamwonyesha meza yake arudi. Akasema tena neno lile lile, akaenda hatua moja, akarudi, nikasimama wima nimemkazia macho. Akaondoka. Alipokaa aliweka gazeti chini, hakulisoma tena.

Kwa asilimia tano labda kulikuwa na kitu cha kuokoa. Sijui. Nimejiuliza sana.

Recovery ikaisha, Windows ikawaka mpya, inang'aa, kama imetoka dukani. Menyu ya GRUB haikutokea. Hilo halikunishtua, Windows ikirudi mara nyingi inamtoa GRUB mlangoni, unamrudisha kwa CD dakika kumi. Nikasema hilo nitalifanya mwisho.

Halafu nikafanya kile tunachofanyaga sisi mafundi wa Xiaobei kwa kila mteja tunayempenda.

Tunamjazia D.

Ni desturi yetu. Mtu akileta mashine, hairudi tupu. Unamwekea programu zote anazoweza kuhitaji, kamusi, muvi, Bongo Fleva, taarab kama ni mtu wa pwani, mawaidha kama ni mtu wa dini. Mteja akifika kwao anafungua D anakuta karamu. Ndivyo jina la fundi linavyokua. Nilikuwa na diski ya nje maalumu kwa kazi hiyo, na Shaibu niliamua nimpe kila kitu. Nikachomeka, nikachagua vyote, nikaburuta kwenye D, nikaenda kunywa chai.

Kuna mtu ameshaona tatizo?

Mashine ya Shaibu haikuwa na D. Mimi mwenyewe niliila D nikaifanya Linux. Kama D imeonekana tena, maana yake recovery imeifuta Linux na kuirudisha D ya kiwandani.

Mashine kumi kwa siku, mkono ukishazoea unatembea wenyewe. Niliiona D pale kwenye skrini na sikuiona. Nikaijazia GB zaidi ya hamsini za muvi na taarab, juu ya miezi minane ya maji ya mto.

Nilikuja kushtuka nimeshaweka CD ya Ubuntu nirudishe GRUB. Nikaiamuru itafute Linux iko wapi. Ikaniambia hakuna. Nikaamuru tena. Nikaandika fdisk, amri inayoorodhesha vipande vyote vya diski, nikahesabu partition moja moja kwa kidole. Recovery. C. D. Basi.

Nilikaa kwenye kile kiti cha mteja.

Shaibu alikuja saa nane na dakika chache, ameshika mfuko wa plastiki, ameninunulia wali kwa Wauyghur, wale Waislamu wenye mgahawa hapo chini. Akanikuta sijawasha hata taa ya meza.

"Vipi, mpangaji? Imepona?"

Nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani. Najua nilisema "Linux haipo" mara nyingi.

Mimi ningekuwa yeye ningevunja ile meza. Yeye aliuliza tu, "Haipo wapi?" kama mtu aliyeambiwa mtoto hayupo nyumbani. Akaivuta laptop, akaizima, akaiwasha, akangoja menyu. Ikaja Windows. Akaizima, akaiwasha tena. Mara nne.

Halafu Ayi akamwita. Wakaongea Kichina, yeye na Shaibu, muda kama wa kuvuta sigara. Ayi alikuwa anaonyesha skrini, ananionyesha mimi, anaonyesha mkono wa shati lake mwenyewe jinsi alivyonivuta.

Nikamuuliza, "Anasemaje?"

Shaibu hakunitazama. "Anasema alikuambia imeandikwa data zote kwenye diski zitafutwa. Anasema ulimwambia hutaki."

Wakuu, nimepigwa maishani. Nimewekwa ndani siku tatu kwa ajili ya viza. Hakuna kilichowahi kuniingia kama ile sentensi, na aliisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetafsiri.

Niliitoa ile diski. Siku sita sikupokea mteja. Nilitumia testdisk, nikatumia photorec, zile programu za kufufua mafaili yaliyofutwa, nikasoma kila kitu kilichoko kwenye mtandao kuhusu ext3, mfumo ambao Linux ile ilikuwa inahifadhia mafaili. Shaibu alikuwa anakuja baada ya swala, anakaa, tunatazama mafaili yanavyotoka. Yanatoka hayana majina, namba tu. Picha za harusi ya dada yake. Nusu ya barua. Majedwali yanafunguka yamekatika katikati, mengine hayafunguki kabisa. Katika miezi minane tulipata vipande vya miezi miwili, na havikufuatana.

Siku ya sita akaniambia, "Zima, mdogo wangu. Inatosha."

Nikataka kwenda kumpiga Papa Dido. Sitaki kujisafisha, nilitoka na bisibisi mkononi. Nilimkuta anapakia marobota. Aliponiona alikuwa ameshasikia. Alivua miwani akasema, "Petit, mi sijuaka kusoma ile kitu. Hata herufi moja. Mi najuaka kusema tu. Nilikuwa na haya." Mzee wa watu, machozi kwenye suti. Nikashindwa hata kumtukana, maana na mimi nilikuwa na haya ya kumuuliza Ayi. Tofauti yetu ni ipi?

Profesa alimwambia Shaibu arudie vipimo. Miezi minane mingine. Wa scholarship wakasema muda umekwisha na hawaongezi. Viza ikafuata scholarship. Ilikuwa hesabu fupi sana.

Na hapa ndipo penye kile nilichokuja kuandika. Hayo ya juu ni utangulizi.

Shaibu hakunitaja.

Profesa alipomuuliza, alisema alikuwa anatengeneza mashine mwenyewe akafuta kwa bahati mbaya. Ubalozini alisema hivyo. Wanafunzi wenzake aliwaambia hivyo. Habari ikaenea Guangzhou nzima, injinia aliyejiformatia thesis yake mwenyewe. Watu wakacheka. Wabongo tunavyojua kucheka.

Siku moja tuko kwenye mgahawa pale Dengfeng, mchana, watu wamejaa. Mwanafunzi mmoja akapiga kelele kutoka meza ya nyuma, "Injinia wa maji! Kumbe ulikuwa unachota kwa pakacha!" Ukumbi mzima ukalipuka.

Niliruka meza. Nilimkamata kola, nikampiga vichwa viwili, wakanishika watu wanne. Nilikuwa napiga kelele, "Mcheke tena! Mcheke tena nimtoe meno!"

Nilikuwa napigana kumtetea rafiki yangu kwa kosa langu. Na mdomoni mwangu, katika kelele zote zile, halikutoka neno "ni mimi".

Shaibu akanitoa nje, akanikalisha kwenye ngazi.

Nikamwambia, "Kaka, naingia ndani nawaambia."

"Hutaingia."

"Wanakucheka!"

"Waache wacheke, mimi naondoka. Wewe unabaki. Ukisema ni wewe, kesho nani atakuletea mashine? Una nini kingine huku?"

Nikanyamaza.

Hicho kimya ndicho kinachoniuma, wakuu, kuliko kile kitufe. Kitufe nilibonyeza kwa ujinga. Kimya nilikichagua nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu alichosema ni kweli na kilinifaa. Nikabaki na meza yangu na jina langu la fundi mzuri. Wateja waliendelea kuja. Wengine walikuwa wananisimulia kile kichekesho huku natengeneza mashine zao, na mimi nainamisha kichwa kama natafuta skrubu.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun. Alikuwa na begi moja na bomba lile la kuwekea michoro. Kwenye mlango wa ukaguzi alinipa mkono, akanivuta, akaniambia, "Jifunze kusoma." Basi. Akaingia.

Sasa hivi Shaibu yuko nyumbani, ameajiriwa kwenye mambo ya maji mkoani, cheo cha fundi. Waliosoma naye wakamaliza ndio wanaomsainia likizo.

Mimi najifunza kusoma. Mwalimu wangu ni Ayi, asubuhi kabla wateja hawajaja, kwa gazeti lake. Nilimwomba radhi kwa kuokota makava yote yaliyobaki chini ya meza zetu na kumpangia. Alinisogezea kiti. Herufi ya kwanza niliyomwomba anifundishe ni ya "futa".

Juzi nilimpigia Shaibu nikamwambia nataka kuandika haya hadharani. Akasema, "Andika. Lakini usiishie kulia tu, waandikie na namna ya kuifungua ile partition vizuri, isije ikamkuta mwingine."

Kwa hiyo hii ni kwa amri yake.

Mwenye Linux na Windows mashine moja, kabla hujagusa recovery, ingia kwanza Linux, nakili nyumba yako yote kwenye diski ya nje, halafu ichomoe hiyo diski uiweke mbali na mikono yako. Kisha andika sudo fdisk -l, ujue kila partition ni ipi na ina ukubwa gani, uandike kwenye karatasi. Ndipo uende kwenye GRUB uchague ile Windows ya pili. Skrini ikija, usiende kwa kukariri. Kama huisomi, piga picha kwa simu umpelekee anayesoma, anayesoma kweli, umwambie akutafsirie neno kwa neno. Kama imekupa diski nzima peke yake, toka, tafuta CD ya Windows. Recovery hizi kiwanda kimezitengeneza kwa mtu mwenye Windows tu, hazijui kama kuna Linux, na hazitaihurumia. Na ikitokea umefuta, usiandike hata faili moja. Usimjazie mtu D. Zima mashine hapo hapo.

Na mtu akikuvuta mkono wa shati, geuka umsikilize hata kama mmetoka kutukanana.

Nimemaliza. Maswali ya kiufundi nitajibu yote, nipo. Mliokuwa Guangzhou miaka ile, mliokuwa kwenye ule mgahawa, nawajua humu kwa majina yenu ya bandia na nyinyi mnanijua. Aliyeifuta thesis ya Shaibu ni mimi. Matusi yaleteni hapa chini, nitayasoma moja moja na sitajibu hata moja.